Usimwambie Ni Homa Tu

Siku moja haijanitoka machoni, mwanangu, na kila nikiikumbuka inanijia na jua lake lote. Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya mama yetu, bibi yako usiyemjua. Tulikuwa tunaishi Kariakoo, nyuma kidogo ya mtaa wa Msimbazi, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Leo ukiitafuta utakuta ghorofa la maduka ya vyombo. Wanawake walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, wanaume wako nje chini ya turubai. Godoro la mama lilikuwa limetolewa lipigwe jua, limelazwa uani karibu na ukuta. Na baba yako Saidi, mdogo wangu wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa na umri kama wa mdogo wako Abuu, alikuwa analiruka.

Aliliruka kutoka upande wa mlango wa nyumba akaangukia upande wa ukuta. Kisha hakurudi kwa kuruka. Alilizunguka godoro lote kwa miguu, akasimama tena pale pale mlangoni, akasogea kidogo kando, akaruka tena kuelekea ukutani. Akazunguka tena. Akasogea tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayebeba ndoo ya maji iliyojaa.

Wanawake walimwona. Mmoja akasema watoto wana raha yao, hawajui msiba. Mwingine akasema aondolewe, si adabu. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya chai, nimekesha, nina hasira na kila kitu. Nikaiweka sufuria chini, nikamkamata Saidi mkono, nikanyanyua mkono wangu wa pili nimchape.

Bi Zuhura akanizuia. Huyu alikuwa mpangaji mwenzetu, chumba chake kinatazamana na chetu. Kila alfajiri alikwenda Feri kununua samaki, na jioni aliwakaanga barazani. Alikuwa bibi mwenye maneno makali, watoto wa mtaa wote walimwogopa na wote walikula samaki wake.

"Kabla hujampiga," akasema, "umemuuliza anafanya nini?"

Nikamjibu kwamba hata kipofu anajua anafanya nini, anacheza juu ya godoro la marehemu.

"Mtoto anayecheza hucheka," akasema Bi Zuhura. "Huyu umemsikia akicheka?"

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu asubuhi ya leo nilikusikia. Nilikuwa nimelala kwa macho tu, humu nyumbani kwenu. Abuu alikuuliza kwa nini shangazi hatoki kitandani, na wewe ukamwambia shangazi ana homa tu, nenda kacheze. Ulisema kwa upendo, najua. Lakini wewe unajua na mimi najua kwamba hii si homa. Mimi shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo usitafute humu maneno makubwa. Tafuta yaliyotupata sisi watatu, mimi na wadogo zangu wawili.

Mama yetu alikuwa mtu wa Lindi. Alikuja Dar na baba, na baba alipotangulia, Saidi akiwa bado ananyonya, mama akabaki na meza yake sokoni. Aliuza vitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Kila jioni alikaa chini katika ukumbi wa ile nyumba, amenyoosha miguu, ungo mapajani, anachambua saumu za kesho. Ukumbi wenyewe ulikuwa mwembamba. Akinyoosha miguu, njia imekwisha.

Nyumbani kwetu, na hata kwenu naona mnafanya hivyo, mtu aliyenyoosha miguu harukwi. Ukimruka unaitwa urudi, umruke tena kuelekea ulikotoka, ndipo yaishe. Wengine wanasema usiporudi unamwachia mwenzio mkosi, wengine wanasema unamdumaza. Mama hakuwa akiamini sana. Alisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema pole kwa aliyejikwaa. "We Saidi, rudi uniruke," na Saidi anarudi, anaruka, mama anamchapa kofi la matako la mapenzi, mambo yamekwisha.

Kisha mama akaanza kuvimba miguu. Mwanzoni tulidhani ni kusimama sana sokoni. Alibadilisha viatu, akavaa ndala, ndala nazo zikaacha alama. Uso ukawa unavimba asubuhi. Nikampeleka hospitali mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nesi akaubonyeza mguu wake kwa dole gumba, akauachia, na pale alipobonyeza pakabaki shimo. Saidi tulikwenda naye siku hiyo, alikuwa amekaa chini ya benchi, anatazama. Nesi akaniita pembeni akaniambia figo za mama zimechoka, zote mbili, na zimeanza kuchoka zamani, miaka kabla ya miguu kuvimba.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Figo nilizijua, niliwahi kuzichora shuleni na kuzipaka rangi, mwalimu akanisifu. Lakini kujua figo zilipo mwilini ni kitu kimoja, na kujua kwamba mama hatapona ni kitu kingine, na hicho cha pili hakuna aliyenifundisha namna ya kukibeba. Njiani kurudi mama akaniambia, "Wadogo zako usiwatishe. Waambie nina homa tu."

Nikawaambia. Na wao wakakaa na homa hiyo kila mmoja kwa akili ya umri wake.

Shangazi yako Rehema alikuwa na miaka tisa, anakimbilia kumi. Alikuwa mwanafunzi mzuri, anayeshika kila kinachoandikwa ubaoni. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba maradhi yanaletwa na vijidudu, kwamba vinapita kwenye vikombe, kwenye mikono, kwenye pumzi. Rehema akatoa kikombe chake kwenye kabati akakificha chini ya mto. Akaacha kulala kitanda cha mama, akaja kubanana na mimi chini. Mama akiomba maji, Rehema aliyapeleka, lakini aliyaweka kizingitini, akarudi nyuma, akasubiri nipite mimi niyachukue. Alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ikachubuka.

Mimi niliona ni jeuri. Nilimsema sana. Mama yeye hakumsema hata mara moja. Siku moja maji yalipowekwa kizingitini aligeukia ukutani, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rehema anashika masomo yake vizuri."

Wakati huo wote Saidi hakusema lolote. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, wa kuuliza kwa nini samaki hawafumbi macho, akawa hasemi. Tukashukuru kwamba ametulia. Mwanangu, mtoto wa miaka mitano akitulia nyumba ikiwa na mgonjwa, usishukuru haraka.

Mama alifariki hospitali, asubuhi, nikiwa nimekwenda kumletea uji.

Sasa nikurudishe kwenye godoro. Bi Zuhura alijiinua kwenye mkeka kwa kushika magoti, akamfuata Saidi pale alipokuwa, akakaa chini kabisa ili sura zao ziwe sawa. Hakumkumbatia. Akamuuliza kama anavyomuuliza mvuvi bei ya changu, "Kazi hii umepewa na nani?"

Saidi akatazama godoro. "Siku ile nilimruka mama nikienda mlangoni," akasema. "Akaniita nirudi. Mimi nikakimbia, kulikuwa na mpira nje. Sikurudi."

"Ehe."

"Miguu ikavimba."

"Na sasa?"

"Sasa narudi. Lakini sijui miguu yake ilikuwa inalala wapi."

Ndiyo maana alikuwa akisogea kidogo kila mara. Alikuwa analimaliza godoro lote, kipande kwa kipande, asipakose mahali pa miguu.

Mwanamke yule aliyesema watoto wana raha yao alivuta kanga akajifunika uso. Mimi mkono nilionyanyua kumpiga nilikuwa hata sijaushusha, nikaushusha.

Ukimtazama kwa jicho la mtu mzima utasema ni ujinga. Lakini Saidi alikuwa amehesabu vizuri tu kwa vitu alivyokuwa navyo. Hili lilitokea, kisha lile likatokea, basi hili limeleta lile. Figo hakuzijua. Hakuna aliyemwambia mwilini mna figo. Tulimpa neno moja, homa, na homa haivimbishi miguu, hilo hata yeye aliliona. Akatafuta mwenyewe sababu, akaikuta miguuni mwake.

Bi Zuhura akamweleza. Alimwambia kiunoni kwa nyuma, huku na huku, mna vitu viwili mfano wa maharage makubwa, kazi yake kuchuja maji ya mwili. Vya mama yake vilichakaa. Vilianza kuchakaa kabla Saidi hajajua kutambaa. Maji yakakosa pa kwenda, yakateremkia miguuni. Hakuna mtu aliyevichakaza, si yeye, si Rehema, si mimi.

Saidi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na kule kutorudi kumruka je?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba maneno peke yake kwa mtoto yule yalikuwa kama maji juu ya jani la mgomba. Bi Zuhura naye aliona. Akakaa kitako, akanyoosha miguu yake mbele, akapandisha kanga mpaka chini ya magoti. "Haya," akasema. "Niruke, uende mlangoni. Usirudi. Kesho njoo unitazame kama nimevimba."

Saidi akamwangalia kwa makini. "Wewe ni mzee, Bibi. Utakufa hata nisipokuruka."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu wakacheka pale uani, wengine mpaka machozi. Bi Zuhura naye alicheka. "Sawa, mganga mkubwa. Basi mruke dada yako, huyo bado ana meno yote."

Kicheko kikakatika pale Saidi alipojibu.

"Dada akifa," akasema, "nani atatupikia?"

Mwanangu, nitakuambia ukweli. Mimi nilikulia katika mila ile ile. Niliamini figo, na pia katika pembe fulani ya moyo niliamini kuruka miguu. Nilikuwa nimezika mama, sina baba, nina watoto wawili mikononi. Nikaogopa. Lakini nilimwona mtoto yule amesimama na mzigo ambao hata mtu mzima mwenye kifua kipana asingeubeba, nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu.

"Niruke, Saidi," nikamwambia. "Nenda mlangoni."

Akakataa. Nikangoja. Wanawake wakangoja, chai ikapoa. Mwishowe akafumba macho akaruka, akaangukia upande wa mlango, na pale pale akageuka kutaka kurudi. Bi Zuhura akamwambia kwa upole asirudi. Akasimama, mikono ameikunja ngumi, na nikaona kaptula yake inalowa. Hakuna aliyemcheka. Nilimbeba nikamwogesha, nikamvika nguo kavu.

Kesho yake asubuhi nilipokuwa najifunga kanga niende sokoni, alikuja akapiga magoti mbele yangu, akaubonyeza mguu wangu kwa dole gumba kama alivyomwona nesi. Akauachia. Akatazama.

"Hakuna shimo, Dada."

"Hakuna."

Ikawa ndiyo ada yetu. Sikuondoka nyumbani bila kubonyezwa mguu. Nilikuwa nimeacha shule, nimeishika meza ya mama, na ndugu walikuwa wameshasema tugawanywe, mmoja aende Lindi, mmoja Mbagala. Nilikataa. Nikawaambia wakitaka kusaidia walete unga, watoto watakaa na mimi. Na kila asubuhi, kabla ya saumu na tangawizi, mguu wangu ulitazamwa. Mpaka ikafika asubuhi moja, Saidi ameanza darasa la kwanza, akanipita mbio na mfuko wake mgongoni, akasema, "Dada, nachelewa," akatoka. Alikuwa amesahau.

Nilifika sokoni nikakaa nyuma ya meza nikalia. Kijana wa meza ya jirani, aliyezoea kunitania, akaniuliza nina nini, nikamwambia ni hizi saumu. Akasema, "Dada, saumu hazilizi mtu, tafuta uongo mwingine." Akaniletea maji ya kunawa uso.

Usidhani yaliisha yote. Lile neno homa lilikuwa bado limo ndani ya nyumba. Mvua za masika zilipokuja Saidi akaumwa malaria, ya kawaida, ya watoto wote wa mtaa. Nikatoka kumtafutia dawa. Niliporudi nikamkuta amelala chali, amenyoosha mikono ubavuni, mpira wake amempa Rehema, gololi zake amezipanga juu ya mto wangu. Akaniambia, "Na mimi nina homa tu." Alikuwa anasubiri kufa, mwanangu, kwa utulivu kabisa, kwa sababu homa tu ndiyo iliyomchukua mama yake. Nilikaa naye mpaka jioni nikimweleza tofauti ya homa na figo. Ingenichukua dakika chache kama ningemweleza mwanzo.

Na Rehema. Siku ile ile ya godoro, baada ya Saidi kuogeshwa, Bi Zuhura alimwita na yeye. Akamwambia maradhi ya figo hayaambukizi, hayapiti kwenye kikombe wala kitanda. Rehema akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri. Akauliza, "Kwa hiyo ningeweza kulala naye?"

Hakuna aliyemjibu. Ukienda kwake Mbagala, juu ya kabati utaona kikombe cha bati chenye ua jekundu, kimebanduka rangi ukingoni. Ni cha mama. Rehema anakinywea chai peke yake, hampi mtu. Wanawe wanadhani mama yao ni mchoyo wa kikombe.

Sasa nifike kwetu. Wiki iliyopita baba yako aliingia chumbani kuniona. Nilikuwa nimejifunika, akanifunua miguuni akidhani nimelala, akabonyeza kwa dole gumba. Akatazama. Mtu mzima, ana mvi. Kisha akanifunika vizuri, akatoka nje, nikasikia hatua zake zikikoma getini, na kwa muda mrefu pikipiki haikuwashwa. Ni yeye aliyekuambia umwambie Abuu ni homa. Usimlaumu. Yule aliyekuambia hivyo bado ana miaka mitano, amesimama mlangoni, haruhusiwi kurudi.

Lakini wewe unaweza kusema kweli. Kwa hiyo shika haya, wewe na wenzako wote mnaobaki na wadogo zenu nyumbani wakati wakubwa wamelala vitandani.

Kabla hujamweleza mtoto, muulize. Muulize anadhani shangazi anaumwa kwa sababu gani. Atakachokijibu ndicho chenye kuhitaji dawa, si kile unachodhani wewe. Aliye mdogo kama Abuu atajitafuta yeye mwenyewe ndani ya ugonjwa, alivunja sahani, alikataa uji, alimruka mtu. Mwambie wazi kwamba hakufanya yeye, na umwambie tena kesho na keshokutwa, maana hasikii mara moja. Mpe jina la ugonjwa na mahali ulipo mwilini. Usimpe jina la ugonjwa mwepesi kwa ugonjwa mzito, asije akaogopa kila mafua. Na akitaka kushika, mwache ashike, mdogo hujua kwa mikono.

Aliyefika darasa la tatu, la nne, huyo ameshajua vijidudu. Mwambie ugonjwa upi unaambukiza na upi hauambukizi, kabla hajajitenga, ili asije akajinyima mwenyewe kitu ambacho hakirudi. Mpe kazi ya karibu, ashike kikombe, achane nywele za mgonjwa.

Na wewe uliye mkubwa, unayeyajua yote kwa majina yake, usijifanye jiwe. Nilijifanya jiwe, na watu wakanisifu, na hakuna aliyekuja kuniuliza kitu kwa sababu nani anauliza jiwe? Ukizidiwa, njoo ukae hapa kitandani ulie. Nitakusogezea nafasi.

Abuu akirudi kucheza, mlete. Mwambie shangazi ana figo zilizochoka, na kwamba yeye hakuzichosha. Nitautoa mguu nje ya shuka. Mwonyeshe mahali pa kubonyeza, na shimo likibaki, usimzibe macho, mweleze ni maji yaliyokosa pa kwenda. Halafu aniruke kama anataka, na asirudi.

Mungu akupe ulimi wa kusema kweli kwa sauti ndogo. Awape wadogo zako usingizi usio na hesabu ya makosa. Na siku utakapokuwa umelala kama mimi nilivyolala leo, akujaalie mtoto wa kuja bila woga mpaka ukingo wa kitanda, akuwekee mkono mguuni, akuulize, na apate wa kumjibu.